Mshale Uliogeuzwa Hauharibu Hesabu

Mwanafunzi wa kidato cha tano ameniuliza: nikichora mshale wa kani kuelekea upande usio wake, si hesabu nzima imeharibika? Kwa kawaida haijaharibika, na hapo ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Kanuni za Newton nitaziruka, maana zimo katika kila kitabu. Twende kwenye kapi, kwa jaribio ambalo George Atwood wa Cambridge alilieleza mwaka 1784. Uzi umepita juu ya kapi. Kushoto unaning'iniza kilo 3, kulia kilo 2. Chora kila mzigo peke yake. Mchoro huo mimi nauita "mchoro wa kitu pweke", maana unabeba kani zinazotenda kwenye kitu hicho tu: uzito kwenda chini, mkazo wa uzi kwenda juu.

Sasa tukosee makusudi. Tuseme kilo 2 ndizo zinazoshuka, na upande huo tuuite chanya. T ni mkazo wa uzi, a ni mchapuko, na uzito wa kila mzigo ni kilo zake mara 9.8. Kulia: 19.6 − T = 2a. Kushoto: T − 29.4 = 3a. Jumlisha: −9.8 = 5a, kwa hiyo mchapuko ni −1.96. Alama hiyo ya hasi inakuambia kilo 2 zinapanda. Mkazo wa uzi, T, ni nyutoni 23.52, uleule ambao ungeupata kama ungepatia tangu mwanzo.

Ni kama wenye maduka wawili wanaokopeshana sukari na unga mwezi mzima. Mwisho wa mwezi hawajui nani anamdai nani, basi wanaandika kichwa cha leja: "Juma anamdai Asha." Wanajumlisha, ikitoka hasi elfu nane, hakuna haja ya kuchana ukurasa, Asha ndiye anayedai. Kitakachowagombanisha ni kubadili kichwa katikati ya ukurasa.

Wahandisi wa madaraja nao kwa kawaida hukisia upande kwanza. Huchukulia kwamba kila chuma kinavutwa. Jibu likitoka hasi, chuma hicho kinabanwa.

Ila msuguano wa kitu kinachoteleza una masharti yake: lazima upinge mtelezo, kwa hiyo ukibahatisha vibaya, rudia hesabu.

Kwa hiyo, kijana wangu, andika upande wa chanya pembeni mwa mchoro kabla ya kugusa namba, kisha usiubadilishe mpaka jibu litoke. Jibu likiwa hasi, usilifute. Lisome.