Darasa linalofuata bamvua

Pwani ya magharibi ya Unguja, siku za bamvua, maji hukupwa hadi mwisho mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu hukupwa alasiri, tena hayaendi mbali. Kwa hiyo mwalimu wa zoolojia anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake ufukweni hutazama mwezi kwanza, ratiba ya chuo baadaye. Bamvua ikiangukia siku ya mtihani wa somo jingine, hasubiri wiki ijayo. Husubiri wiki mbili.

Ukanda wa kaskazini mwa Mji Mkongwe umejaliwa kwa kazi hiyo. Ukishika barabara ya Bububu unapita Maruhubi, palipo na taasisi ya Serikali ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI. Unafika Mtoni, watalii wanakokwenda kutazama magofu ya kasri ya Seyyid Said. Na mbele kidogo ipo Beit el Ras, yenye kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Bahari haiko mbali na njia hiyo hata mara moja.

Kazi ya ufukweni yenyewe haina mbwembwe. Kamba hunyooshwa kutoka penye mikoko kuelekea majini, na kila baada ya hatua kadhaa huwekwa fremu ya mraba juu ya tope. Kila kilichomo ndani yake huhesabiwa: matundu ya kaa, konokono, vichipukizi vya mchu na mkandaa. Wapo kaa wadogo ambao dume wao ana gando moja kubwa kupita kiasi, na jike ana mawili madogo yanayolingana. Mwanafunzi asiyejua hilo huandika aina mbili za kaa pale penye aina moja. Kitabuni tofauti hiyo husomwa mara kumi na kusahaulika. Topeni, mtu akishabanwa kidole na dume, haisahauliki tena.

Ila ufukwe peke yake hautoshi, na hapa ndipo maabara inapoingia.

Wengi wanaofika chuoni walishapasua panya, chura au mende kidato cha sita, kwa kuwa mtihani wa taifa unadai hivyo. Unguja yupo mnyama mwenye mafunzo zaidi kuliko wote hao, tena anauzwa sokoni kila siku: pweza. Akilazwa kwenye sinia, somo la kwanza ni kwamba kile tunachokiita kichwa chake ni kiwiliwili, kifuko chenye tumbo, matamvua na mfuko wa wino. Kisu kikikata juu juu upande wa chini, mioyo hujitokeza: miwili midogo, kila mmoja penye tamvua lake, na mmoja mkubwa wa kusukuma damu mwili mzima. Damu inayovuja hufanana na maji, kisha ikipigwa na hewa huingia ubuluu, maana hubeba oksijeni kwa madini ya shaba badala ya chuma. Umio nao hupita katikati ya ubongo. Akimeza kitu kikubwa mno, ni ubongo unaobanwa.

Kisu kikizama zaidi ya inavyotakiwa, mfuko wa wino hupasuka na sinia zima huwa jeusi. Hapo hakuna cha kufanya ila kununua pweza mwingine.

Kumtambua dume hakuhitaji hata kisu. Hugeuzwa, ukatafutwa mnyiri wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vikombe vya kunyonyea kama mingine. Ndio unaopeleka mbegu kwa jike. Wanaopendekeza kwamba yote hayo yaonyeshwe kwa video, ati kupunguza gharama, wangejaribu kuutafuta mnyiri huo kwa mkono wao kwanza. Minyiri ni minane, na yote huteleza.

Baadaye huja lebo, kazi ambayo wanafunzi huichukia kuliko zote. Chupa ya samaki aliyehifadhiwa kwenye alkoholi isiyoonyesha mahali, tarehe na jina la mkusanyaji haina thamani kwa mtafiti. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu alkoholi huyeyusha wino wa kalamu za kawaida. Vielelezo vya Unguja viliwahi kuwapa watu majina ya kudumu: kima punju alielezwa kisayansi London na John Edward Gray mwaka 1868, akapewa jina la John Kirk, paa nunga naye, mwaka 1918, akapewa jina la Dk. Aders, mwanabiolojia wa Serikali hapa Zanzibar. Siku hizo vielelezo vilipanda meli. Tangu 1978, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Mizingani, kazi kama hiyo inaweza kufanyika na kubaki kisiwani.

Siku hizi fildi ina sura nyingine pia. Beit el Ras kuna kituo cha kutotolesha viumbe wa baharini, kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Korea, kinachoshughulika na mwatiko, kaa na majongoo bahari. Majongoo hushtuliwa kwa kupandisha joto la maji nyuzi chache, nao huanza kutoa mayai na mbegu. Mabuu wakishaanguliwa, lazima wahesabiwe, na hawahesabiki kwa macho. Huchotwa mililita 100 za maji, na kila buu huhesabiwa chini ya hadubini, kisha huzidishwa. Mabuu 40 katika kiasi hicho, kwa tangi la lita 1,000, ni mabuu 400,000. Chakula cha mwani hupimwa kwa hesabu hiyo, na buu mmoja aliyerukwa kwenye hadubini ni mabuu 10,000 wasiohesabiwa tangini.