Kufundisha Kusikiliza: Mwendo, Ufunguo na Hisia katika Muziki wa Viola

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi wanapotoa somo la kusikiliza muziki huanza kwa kuwaambia watoto: "Sasa tutasikia muziki wa huzuni." Muziki ukiisha, watoto huulizwa wamesikia nini, nao hujibu kwa sauti moja: "Huzuni!" Jibu hilo ni mwangwi wa mwalimu, masikio ya watoto hayakufanya kazi yoyote. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kumwongoza mtoto asikie kwanza, ndipo ataje hisia. Mfano wetu ni rekodi ya Koncheto ya Viola katika G meja, iliyotungwa na Georg Philipp Telemann.

Ala na utungo wenyewe

Viola ni ala ya nyuzi nne ya jamii ya fidla. Aliyepata kuiona fidla katika kundi la taarabu na aiwazie ala ya umbo hilohilo, iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nene zaidi. Nyuzi zake, kuanzia ya chini, ni C, G, D na A. Telemann alikuwa Mjerumani, aliyeishi kuanzia 1681 hadi 1767. Koncheto hii yakadiriwa kutungwa kati ya 1716 na 1721, nayo ni miongoni mwa koncheto za kwanza za viola zijulikanazo. Mpigaji mmoja wa viola hutangulia, na kundi la ala za nyuzi humwitikia. Sehemu zake ni nne: Largo, yaani polepole sana, Allegro, yaani kwa wepesi, Andante, yaani mwendo wa mtu atembeaye, na Presto, yaani mbio.

Mwendo

Mwendo ni kasi ya mapigo. Telemann hakuandika idadi ya mapigo kwa dakika, kwani metronomu ya Maelzel ilisajiliwa mwaka 1815 tu. Kwa sababu hiyo rekodi mbili za utungo huu huweza kupishana kwa kasi, na zote zikawa sahihi. Watoto wagonge mapigo kwa vidole juu ya dawati, wayahesabu kwa sekunde 15, kisha wazidishe kwa 4. Mwaka 1752 Quantz, mpiga filimbi mashuhuri, alishauri kupima mwendo kwa mapigo ya moyo, yapata 80 kwa dakika. Basi hata shule isiyo na kifaa chochote ina kipimo katika kifundo cha mkono wa mwalimu.

Ufunguo

Ufunguo ndio unaotuambia nyumbani kwa muziki ni wapi. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne ziko katika G meja: kwa solfa, do ni G, na muziki hutulia kwenye do. Andante iko katika E maina: do ingali G, lakini sasa nyumbani ni la, yaani E. Imba do–mi, kisha la–do. Ukihesabu kwenye kinanda, vibonye vyeupe na vyeusi pamoja, ya kwanza ni hatua 4, ya pili ni hatua 3. Tofauti hiyo ya hatua moja hubadili sura ya muziki wote.

Tahadhari moja: wapigaji wengine hutumia ala za mtindo wa kale, zilizoshushwa nusu toni. Rekodi yao haitalingana na kinanda chako, ingawa ufunguo ulioandikwa ni uleule.

Hisia

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Linganisha Largo na Andante. Zote mbili ni za taratibu. Kama utaratibu peke yake ungeleta huzuni, zote zingehuzunisha. Lakini Largo, yenye sauti ndefu za meja, huelekea kutuliza. Andante husikika kama mtu anayelalamika. Mtoto akigundua hayo mwenyewe, amekwisha kujifunza kwamba mwendo hauamui hisia peke yake.

Hata hivyo, mwalimu asiandike ubaoni kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Ngoma nyingi za harusi za Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki zina ngazi za aina ya maina, na watu huzicheza kwa shangwe. Mazoea ya msikilizaji nayo yana sehemu yake.

Hatua za somo

1. Piga mwanzo wa Largo, yapata dakika moja, bila kutaja jina wala hisia.
2. Watoto wapime mwendo.
3. Wavumishe sauti wanayodhani ndiyo nyumbani.
4. Fanya vivyo hivyo kwa Andante.
5. Ndipo uulize: "Umesikia nini? Ni kitu gani katika sauti kilichokufanya useme hivyo?"

Swali la mwisho lisiachwe kamwe. Mtoto akisema Andante inampa amani, usimkatize, mwombe sababu. Akitaja mwendo, sauti nene ya viola au mahali muziki unapotulia, amejibu vema kuliko yule aliyesema "huzuni" akaishia hapo.

Mwanachuo hana budi kuisikiliza rekodi mara mbili au tatu peke yake kabla ya somo, akiwa na kalamu mkononi. Asiyejua alichosikia yeye mwenyewe hatatambua jibu jema la mtoto litakapokuja.