KUTEMBEA MILIMANI MASKATI

Ukilisikia jina la Maskati bila shaka mate hukudondoka kwa kuikumbuka halua. Mimi leo nakuletea Maskati ya mawe. Mji huo mkuu wa Omani umebanwa kati ya bahari na milima mikavu, isiyo na hata mti wa kutundikia kofia. Juu ya milima hiyo imepita njia ya miguu ya zamani kutoka Riyam hadi Muttrah. Ukishafika Muttrah unarudi Riyam kwa barabara ya ufuoni, na mzunguko unakamilika bila kupanda gari.

Sehemu ya mlimani ni kama kilomita 2 na nusu tu. Nilipoitaja kikaoni, mwanachama mmoja aliangua kicheko. "Eti hiyo nayo ni safari? Si sisi huenda mbali zaidi kuchota maji!" Naam, lakini yeye huyaendea maji. Mpandaji wa Riyam huyaacha nyuma.

Njia huanzia nyuma ya bustani ya Riyam, penye sanamu ya chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana toka mbali. Mwanzo wenyewe ni ngazi za mawe, kali kwelikweli, na magoti yatakusimulia. Usiogope kupotea, kwani miamba imepakwa alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu. Ukifika juu unaiona bahari na bandari, kisha unateremka katika korongo lenye magofu ya nyumba za kale, hadi unatokea nyumba za Muttrah. Asiye na haraka huchukua saa mbili hivi. Kabla ya barabara ya ufuoni kujengwa, watu walipita milimani humu kwa miguu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani joto. Mawe ya huko ni ya rangi ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi. Wanajiolojia wanasema yalitoka chini ya sakafu ya bahari, yakasukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Jiwe jeusi hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitema polepole. Kwa hivyo mtembeaji hupikwa juu na chini kama mkate wa mofa! Hata usiku si wa kutegemea. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini si jasho lenyewe linalopoza, bali kule kukauka kwake. Kiangazi hewa ya pwani ya Maskati huwa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka, na mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa bila kupoa. Kichwa kinaanza kugonga, kizunguzungu kinaingia, kichefuchefu nacho kinafuata. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo si mchezo tena. Mpeleke kivulini, mloweshe nguo, mpepee, na uite msaada. Afadhali kwenda kati ya Novemba na Machi, alfajiri, kila mtu na lita zake mbili. Chupa moja ya kugawana watu watatu ni ubahili wa hatari.

La pili ni mafuriko, ingawa utashangaa. Maskati hupata mvua kama milimita 100 kwa mwaka, ilhali Mombasa hupita 1,000. Lakini mwamba mtupu hauna udongo wa kufyonza maji, kwa hivyo kila tone hukimbilia korongoni. Wenzetu wa Wajir wanalijua jambo hili vizuri, maana laga zao hujaa vivyo hivyo, wakati mwingine kwa mvua iliyonyesha mbali wasikoiona. Tufani ya Gonu ilipopiga Juni 2007, makorongo ya Maskati yaligeuka mito na watu wengi wakafa. Ukiona wingu limetanda milimani, ahirisha safari, hata kama mlishafunga mikoba.

Ukishuka salama, pitia soko la Muttrah ununue maji. Usishangae kusikia mzee mwenye kanzu na kofia akikuuliza, "Watoka wapi, mwanangu?" Kiswahili kipo huko, hasa kwa familia zilizohama Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 na zile zilizorejea Omani baada ya 1970. Mwamkie shikamoo, mzungumze kidogo, kisha ushike barabara. Kutoka sokoni hadi kwenye chetezo ni tambarare tupu, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto.