Kura ya urais ilivyopigwa Ilemela (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna kura zinavyohesabiwa kituoni. Leo tuitazame kata ya Pasiansi, ndani ya Jimbo la Ilemela.

Mkazi wa Pasiansi hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya mbunge huishia Ilemela. Ya rais huvuka mipaka ya jimbo, kwa kuwa nchi nzima huhesabiwa pamoja, na uzito wake ni uleule wa kura ya Tunduru au Kizimkazi. Marekani hesabu ni nyingine: mwaka 2000 George W. Bush aliongoza Florida kwa kura 537 tu, akachukua wajumbe wote 25 wa jimbo hilo.

Oktoba 25, 2015, Dkt. John Magufuli alipata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46, Edward Lowassa akapata asilimia 39.97. Wengi husema Kanda ya Ziwa ilimbeba mwanawe. Ni kweli hakuwa mgeni: alizaliwa Chato, akasoma Sekondari ya Lake hapa Mwanza, akafundisha Sengerema, kisha akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza. Hata hivyo, siridhiki na jibu hilo pekee, kwa sababu ya yaliyotokea 2010. Mwaka ule Nyamagana ilimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, ikamchagua Ezekiel Wenje wa CHADEMA. Ilemela nayo ikampa ubunge Highness Kiwia wa chama hichohicho. Mwaka 2015 majimbo yote mawili yakarudi CCM.

Kilichobadilika, naona mimi, ni mwenye kushika hoja. Mwaka 2010 Dkt. Willibrord Slaa aligombea urais kwa vita dhidi ya ufisadi. Ndiye aliyesoma orodha ya mafisadi Mwembeyanga mwaka 2007, na Lowassa alikuwamo. Mwaka 2015 CHADEMA ikamsimamisha Lowassa huyohuyo, na Slaa akajitenga. Mchuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba aliyeiamini hoja ile sasa aliisikia kwa Magufuli, waziri aliyejulikana kwa barabara na ukali kazini. Undugu ulichangia, lakini wapiga kura hawa walikwisha onyesha kwamba humtoa hata waziri.

Wiki ijayo: karatasi ya tatu, ya diwani.