JINA LAKO MTANDAONI NI MILKI YA NANI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwongozo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, Jumamosi moja, ambayo ni siku ya soko hapa Tengeru, alitujia mama mmoja muuza ndizi baada ya swala ya Adhuhuri. Akatuuliza, "Sheikh, kile kisima cha msikiti kimefikia wapi?" Tukamjibu kwamba hatuna kisima tunachochimba. Akatoa simu yake, akatuonesha. Palikuwa na jina la madrasa yetu, picha yetu tukiwa tunasomesha, na chini yake ombi la mchango pamoja na namba ya kutumia fedha. Mama yule alikuwa ametuma shilingi 40,000.

Ukurasa ule tuliujua. Ulifunguliwa mwaka 2014 na kijana mmoja wa madrasa yetu kwa namba yake ya simu, nasi tukawa tunaweka darsa zetu humo kila wiki. Kijana akasafiri kwenda Muscat kutafuta riziki, laini yake ikafa, na mtu tusiyemjua akapata njia ya kuingia na kuufanya wake. Tuliiandikia kampuni yenye mtandao ule mara tatu. Jibu lililorudi lilikuwa la mashine: hatukuwa na uthibitisho kwamba ukurasa ni wetu.

Nasi tukajiuliza kwa insafu: je, ulikuwa wetu? Swali hili ndilo lililotufanya tuandike makala hii, kwa sababu misikiti na madrasa nyingi leo zimeweka jina lake, sauti za mashekhe wake na imani ya waumini wake mahali ambapo hazijapata kuuliza mwenyewe ni nani.

JE, UKURASA WA MTANDAONI NI MALI YAKO?

Wanavyuoni wa fiqhi hawakuifanya haki ya mtu juu ya kitu kuwa daraja moja. Ipo milki kamili, ambayo mtu humiliki kitu chenyewe pamoja na manfaa yake, kama shamba la migomba alilorithi kwa baba yake. Ipo milki ya manfaa peke yake, kama mpangaji wa fremu ya duka. Ukuta si wake, lakini kwa muda wa mkataba wa ijara hakuna wa kumtoa maadamu ametimiza masharti. Na ipo ariya, yaani kuazima. Mwenye kuazimwa hutumia kwa ridhaa ya mwenye kitu, bila ya malipo.

Katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ariya ni mkataba usiofunga. Mwenye kitu anaweza kukirudisha wakati wowote, na mmoja wao akifa mkataba huvunjika. Miongoni mwa yaliyovuliwa ni ardhi iliyoazimwa kwa kuzikia. Maiti akishazikwa, mwenye ardhi hana ruhusa ya kuidai mpaka mwili uwe umekwisha kuoza.

Tukiupima ukurasa wa mtandao wa kijamii kwa mizani hii, tunaona kwamba uko karibu zaidi na ariya. Kampuni imekuruhusu kukaa uwanjani pake. Hukulipa kodi, na katika masharti uliyoyakubali kwa kubonyeza mara moja bila ya kusoma, imejiwekea haki ya kukutoa. Atakayesema kwamba hii ni ijara, kwa kuwa tunalipa kwa habari zetu ambazo kampuni huzitumia kuuzia matangazo, basi malipo hayo hayajulikani kiasi chake wala mwisho wake, na hapo huingia gharar.

Mfano ulio wazi ulitokea Julai 2023. Mtandao wa Twitter ulipobadilishwa jina kuwa X, mtu mmoja wa Marekani alikuwa akilitumia jina la herufi hiyo moja, @x, katika mtandao huo tangu mwaka 2007. Kampuni ililichukua jina lile, ikampa jingine, bila ya kumlipa fidia. Miaka kumi na sita ya kujulikana kwa jina hilo haikumpa milki.

Lakini tusichanganye ukurasa na jina. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki maalumu za wenyewe, zina thamani ya mali katika mazoea ya watu wa zama hizi, na haijuzu kuzishambulia. Wanavyuoni wa Kihanafi wa zamani waliona manfaa peke yake si mali. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, waliona ni mali. Kwa hiyo uwanja ni wa kampuni, lakini jina la madrasa, darsa zilizosomeshwa na heshima iliyojengwa kwa miaka ni haki ya wenyewe. Tatizo ni kwamba katika mitandao ya kawaida haki hizi mbili zimefungwa fundo moja, na aliyeshika fundo ni kampuni.

MITANDAO ISIYO NA MMILIKI MMOJA

Katika miaka ya karibuni wametokea wataalamu wanaojaribu kulifungua fundo hilo kwa kutengeneza mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani isiyo chini ya kampuni moja. Msomaji asiogope jina. Jambo lenyewe analijua tangu Machi 2017, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipoanzisha huduma ya kuhama mtandao wa simu bila ya kubadili namba. Mtu akichoshwa na kampuni moja huenda kwa nyingine, na jamaa zake wanaendelea kumpata kwa namba ile ile. Na hata kabla ya hapo mtu wa kampuni moja aliweza kumpigia wa kampuni nyingine. Mitandao mingi ya kijamii haikuruhusu hata hilo la pili.

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni ya Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Humo kila taasisi inaweza kuweka seva yake, na seva zote zikazungumza kwa lugha moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018. Anayehama seva huweza kuhama na wafuasi wake, ila maandishi yake ya zamani hubaki alikotoka.

Ya pili ni ya Bluesky, iliyofunguliwa kwa watu wote Februari 2024. Humo kitambulisho cha mtu kimetenganishwa na mahali yanapohifadhiwa maandishi yake, na taasisi inaweza kutumia anwani ya tovuti yake yenyewe kuwa ndilo jina lake.

Ya tatu ni ya Nostr, iliyoanza mwaka 2020. Hii haina hata akaunti. Mtu huwa na ufunguo wa siri, na kila anachoandika hukitia muhuri kwa ufunguo huo. Yeyote anaweza kuhakiki kwamba muhuri ni wake, lakini hakuna awezaye kuugonga isipokuwa mwenye ufunguo.

KISA CHA PETE YA MTUME (S.A.W.)

Jambo hili la muhuri si geni kwetu. Imepokewa katika Sahihi mbili, kwa Anas bin Malik (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa maneno "Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu", kisha akakataza mtu mwingine yeyote asichore maneno hayo kwenye pete yake. Wanavyuoni wameeleza hekima ya katazo hilo: muhuri ukiwa na mfano wake mikononi mwa watu, barua ya kweli haitapambanuka na ya uongo.

Baada yake pete ilikaa mkononi mwa Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.). Siku moja Uthman alikuwa ameketi kwenye kisima cha Aris, Madina, pete ikaanguka kisimani. Walitafuta siku tatu, wakayateka maji yote, na pete haikupatikana. Wanahistoria wanalitaja tukio hili katika mwaka wa 30 Hijria. Uthman akatengeneza pete nyingine.

Kisha ikaja fitna. Mwaka wa 35 Hijria watu wa Misri waliokuwa wakirejea kwao walimkamata mjumbe njiani akiwa na barua yenye kuamuru wauawe, nayo ina muhuri wa Khalifa. Wakarudi Madina kwa hasira. Uthman (r.a.) akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuiandika, hakuiamuru wala hakuijua. Hawakumwamini. Wakaizingira nyumba yake, na akauawa shahidi mwezi wa Dhulhija mwaka huo. Barua moja yenye jina la mtu asiyeiandika ilisaidia kuwasha moto ambao umma haujaacha kuulilia.

Katika visa hivi mna mafunzo matatu. Muhuri ni wa mwenyewe, na ni haramu kuuiga. Muhuri ukipotea huenda usirudi, hata mwenyewe awe ni Khalifa. Na muhuri ukigongwa na asiye mwenyewe, kiapo cha mkweli hakitoshi kuituliza fitna.

MIPAKA YA NJIA HII

Hatupendi msomaji adhani kwamba mitandao hii mipya imemaliza tatizo. Anayetumia seva ya mtu mwingine katika Mastodon bado ameazima, ila ameazima kwa jirani badala ya kampuni kubwa. Jirani naye anaweza kuchoka au kufa. Anayeshika ufunguo wake mwenyewe katika Nostr amekaa ukingoni mwa kisima cha Aris. Ufunguo ukipotea hakuna ofisi ya kwenda kuulalamikia, na ukiibiwa hakuna wa kuufuta.

Hata taasisi kubwa haziko salama. Mei 2025 ukurasa wa Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X ulidukuliwa na kuchapisha habari za uongo, na mtandao wenyewe ukazuiwa nchini. Waliokuwa na jina lao huko peke yake walifungiwa mlango pamoja na wengine wote. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku hizo hapakuwa na tofauti kati ya mtandao wa kampuni moja na uliogatuliwa.

Jina la mwanachuoni katika historia yetu halikutegemea uwanja mmoja. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Zanzibar mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968, akafariki Oman mwaka 1982. Alihama nchi, na elimu yake ikahama naye, kwa sababu watu walijua amesoma kwa nani na nani wamesoma kwake. Hiyo ndiyo isnadi, na haihifadhiwi na kampuni yoyote.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WALIMU

Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Jina la msikiti ni amana ya waumini wote, si ya kijana mwenye simu nzuri. Kwa hiyo tunanasihi haya:

1. Taasisi isajili anwani ya tovuti inayoishia na .or.tz kwa jina lake yenyewe. Hii ni ijara ya kulipiwa kila mwaka, lakini ni bora kuliko ariya. Mitandao mingine yote ielekezwe hapo.

2. Ufunguo au neno la siri ukabidhiwe watu wawili au watatu waaminifu, na iandikwe katika kumbukumbu za kamati ni nani ameshika nini. Mmoja akisafiri au akifariki, makabidhiano yafanyike kama ya funguo za msikiti.

3. Darsa zihifadhiwe nakala nje ya mtandao.

4. Namba ya kupokelea michango itangazwe kwa mdomo baada ya swala ya Ijumaa, na waumini wazoeshwe kuuliza kabla ya kutuma.

5. Watu wajue haki yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Nasi hapa Tengeru tuliyafanya haya tukiwa tumechelewa. Mama yule tulitaka kumrejeshea fedha zake kutoka mfuko wa madrasa, akakataa, akasema alimpa Mwenyezi Mungu. Tukamkumbusha hadithi sahihi ya mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia mkononi mwa mwizi, na akabashiriwa kuwa huenda mwizi yule akaacha wizi kwa sababu yake. Akaridhika. Lakini ujira wake kwa Mola wake hautuondolei sisi dhima ya kuliacha jina lao wazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana, na atulinde na fitna za dhahiri na za siri. Amin. Wallahu a'lam.