Nyumba za Wasichana wa Mbereshi

Askari huijua kambi kwa mabweni marefu na vitanda vilivyopangwa safu. Huko Mbereshi, karibu na ziwa dogo la Mofwe nchini Zambia, shule ya bweni ya wasichana ilipangwa vingine. Mabel Shaw, Mwingereza wa Shirika la Misioni la London, aliyefika mwaka 1915, aliwaweka katika nyumba ndogo ndogo mfano wa kijiji, wakubwa wakiwalea wadogo. Aliondoka mwaka 1940, na shule ingali na jina lake.

Mpango ulikuwa wa busara. Lakini, ndugu msomaji, wazazi halisi walibaki vijijini mwao. Je, binti alipochumbiwa, posa ilistahili kupelekwa kwa nani?