Stima ya Texas: Yuniti Moja Ilipofika Dola 9

Wengi wetu tuna ndugu au marafiki Marekani, na Texas ni mojawapo ya majimbo yenye Wakenya wengi. Leo tunachukua somo la bili kutoka huko.

Stima yao inatoka wapi?

Sehemu kubwa inatokana na gesi asilia. Kisha kuna upepo, makaa ya mawe, nyuklia na jua. Hakuna jimbo Marekani linalozalisha stima ya upepo kuishinda Texas.

Tangu 2002, wakaaji wa sehemu kubwa ya jimbo hilo hujichagulia kampuni ya kuwauzia stima, vile wewe unachagua laini ya simu. Wengi huchukua bei isiyobadilika mpaka mkataba uishe. Lakini wateja wa kampuni ya Griddy walilipa ada ya dola 9.99 kwa mwezi, kisha wakauziwa stima kwa bei ya jumla, inayopanda na kushuka siku nzima. Upepo ukivuma vizuri, stima ilikuwa rahisi sana. Raha tupu!

Februari 2021

Baridi kali ikaingia. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ikazima, hata baadhi ya ile ya upepo. Gridi ya Texas imejitenga na za majimbo mengine, kwa hivyo hapakuwa na pa kukopa stima ya kutosha. Zaidi ya nyumba milioni 4 zilikaa gizani, na jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246.

Bei ya jumla ikagonga kikomo: dola 9 kwa yuniti. Kawaida, mwenye nyumba Texas alikuwa akilipa kama senti 12.

Hebu piga hesabu. Nyumba inayotumia yuniti 30 kwa siku hulipa dola 3.60. Kwa bei ya dola 9, ni dola 270 kwa siku moja. Siku nne tu, umepita dola 1,000.

Griddy iliwaomba wateja wahamie kwingine kabla mambo hayajaharibika, lakini wengi hawakuwahi. Na kwa sababu walikuwa wameruhusu makato ya moja kwa moja, pesa zilitoka kwenye akaunti zao wakiwa bado wanatetemeka. Mwaka huohuo, Texas ilipiga marufuku mipango hiyo kwa wateja wa nyumbani.

Sisi tunajifunza nini?

Hapa Kenya pia, bei ya tokeni ina sehemu zinazobadilika kila mwezi, kama gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni. Kwa hivyo, kabla ya kuruhusu malipo yoyote ya moja kwa moja:

- Uliza kama bei inaweza kupanda, na mwisho wake ni wapi.
- Weka kikomo cha makato.
- Soma kila ujumbe wa malipo siku unapoingia.
- Jua mapema jinsi ya kusitisha.

Bei rahisi ya leo ni nzuri. Lakini uliza pia bei ya siku mbaya, kwa sababu hiyo ndiyo inayomaliza akiba.